Sindano ya Mama Mkwe

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu kwa mkono mmoja. Alikiegemeza kitunguu kwenye ukingo wa bakuli, akakichuna kwa kisu cha mkono wa kulia, na ule wa kushoto ukawa umelala mapajani kama kitu cha kuazima.

Mtu mwingine asingeona ajabu yoyote. Lakini mwanamke huyu alikuwa amepikia shule ya bweni mpaka alipostaafu. Aliweza kumaliza gunia zima la vitunguu huku akigombana na muuza kuni, bila kutazama chini hata mara moja. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akipita na beseni la nguo za kuanika, akasimama mlangoni.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Mkono upi?"

"Huo unaouficha."

"Ninayo miwili, na yote nimezaliwa nayo. Kaanike nguo, jua linakwenda."

Mkamwana akaweka beseni chini. Alikwenda kama anayetaka kusogeza bakuli, akamgusa mama karibu na bega, na hata kupitia kitambaa cha blauzi alihisi joto kama la pasi iliyozimwa sasa hivi. Mama mkwe akaruka. Kutoka mfuko wa aproni yake kikadondoka kitu chepesi, kikalia sakafuni: rula fupi ya plastiki, nyeupe ya kuona upande wa pili, yenye miduara midogo hadi mikubwa.

Rula ile mkamwana aliijua. Rula kama hizo zilikuja kazini kwao ndani ya boksi, pamoja na vipimajoto, na kila mtu aliyejitolea kuchomwa chanjo mpya alipewa moja, ili kila jioni apime wekundu wa mahali alipochomwa. Hazikuuzwa dukani. Hakukuwa na njia nyingine ya kuipata ila kutoa mkono.

Akaiokota, akakaa kwenye kiti bila kujua amekaa.

Mkamwana huyu kazini walimwita Povu, na jina likamganda. Alikuwa mkemia. Mchana kutwa alishughulika na magome ya mizizi ya kichaka kimoja, magome ambayo ukiyaloweka na kuyatikisa yanatoa povu kama sabuni. Ndani ya povu lile mlikuwa na kitu alichokitafuta kwa miaka. Ile sehemu ya chanjo inayoufunza mwili kumjua mdudu wa malaria ilikuwa dhaifu, mithili ya mwalimu asiye na sauti. Mwili ulikuwa ukiisikiliza nusu nusu na kuisahau. Dawa ya Povu ndiyo iliyopiga kengele darasa likanyamaza. Tone dogo lake likiongezwa, mwili uliamka, ukakaa wima, ukajifunza.

Lakini magome yaleyale yalibeba na ndugu wa dawa ile, wanaofanana nayo kama pacha, na hao walikuwa wabaya. Walichana chembe nyekundu za damu. Povu alikuwa amewaona wakifanya kazi mara zisizohesabika: unaweka damu ya kondoo kwenye vishimo vya sahani ya maabara, nyekundu, nzito, haipenyi mwanga, unatia tone, unasubiri, kisha damu inageuka ghafla kuwa ang'avu kama sharubati, maana chembe zote zimepasuka na wekundu wao umemwagika. Kazi yake yote ilikuwa kumtenga pacha mwema na pacha mbaya. Na katika mzigo wa mwisho, uliotiwa kwenye chupa za watu, mashine ilichora kijilima kidogo, alama ya yule pacha mbaya, mahali ambapo palitakiwa kuwa tambarare. Povu alikionyesha. Mkuu wa maabara alikiona, wakaguzi walikiona, wote wakasema kiko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Vipimo vya damu vilikuwa safi. Yeye mwenyewe alikubali. Ila kila alipolala alikiona kile kijilima.

Sasa kilikuwa ndani ya mkono wa mama wa mume wake.

"Umechomwa lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Mama, ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi! Hawakukuuliza?"

"Waliuliza. Nikawaambia nina mtoto mmoja tu, mpima ardhi, yuko safarini. Hiyo ni kweli tupu. Na wewe si ndugu, wewe ni mkwe."

"Hilo si jambo la mzaha."

"Sifanyi mzaha." Mama mkwe akaweka kisu chini na kujifuta vidole. "Mwanangu, nimepikia watoto wa watu maisha yangu yote. Hakuna chungu kilichotoka jikoni kwangu kabla sijakionja. Kuna siku nyama iliingia ina harufu, bwana mkubwa akasema pika tu. Nikaonja. Nikaugua mimi, hakuugua mtoto hata mmoja. Sasa wewe unapika kitu cha kudungwa vichanga vya dunia nzima, na nyumba hii nzima hakuna aliyeonja."

"Dawa haionjwi."

"Na wale wenzangu niliokaa nao kwenye benchi, wanafanya nini kama si kuonja?"

Povu akasogeza kiti karibu. Alimwomba amwonyeshe mkono. Mama akakunja mkono wa blauzi, na pale begani palikuwa pamevimba, pekundu, pagumu, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Povu alikwisha kuona picha za mabega ya namna hiyo. Ilitarajiwa. Karatasi walizopewa wajitolea zilisema hivyo kwa maneno mepesi: mkono utauma, utavimba, huenda ukapata homa siku mbili tatu. Alijiambia maneno hayo, akajiambia tena.

"Itabidi nitoe taarifa," alisema.

"Ukitoa taarifa watanitoa mimi. Kisha watakuuliza ulijua lini. Watasema ulinisukuma. Watasimamisha kazi yote kwa ajili ya bibi mmoja mwenye mkono unaouma." Mama mkwe akachukua kitunguu kingine. "Nyamaza, mwanangu. Ni mkono tu."

Povu akanyamaza. Alikwenda kuanika nguo, na kila kibanio alichokibana kwenye kamba alisema moyoni, nitampigia daktari nikimaliza. Alimaliza, hakupiga. Akilini alimwona mkuu wa maabara akikunja uso. Aliona miaka yake ikiwekwa ndani ya boksi. Usiku huo alilala macho wazi.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana ambacho mama mkwe hakukigusa, kitanda cha chumba cha wageni kikaanza kugonga ukuta. Povu alikimbia akamkuta mama amejikunja chini ya mablanketi mawili, nje jua kali, meno yakigongana kiasi kwamba hakuweza kutamka neno. Kitanda kizima kilitetemeka naye. Povu alimtia kipimajoto kwapani na kumshika mkono ili kisianguke. Kiliposoma, alitamani kisingesoma.

"Ni dawa," alisema. "Mwili unajifunza. Karatasi imesema kutakuwa na homa."

Baridi ilipolegea kidogo, mama akapata sauti. "Hii baridi si ya sindano. Inatoka ndani ya mifupa. Nipeleke nikapimwe malaria."

"Walikupima kabla ya kukuchoma, mama. Damu ilikuwa safi. Wasingekuchoma."

"Nipeleke hivyo hivyo. Hapo kwenye zahanati ya mtaani."

Zahanati ilikuwa karibu, ng'ambo ya duka la vifaa vya ujenzi. Bango lake lilionekana kutoka dirishani. Lakini Povu alimwona akilini muuguzi wa zahanati akiuliza, mama, umetumia dawa gani wiki hii? Na mama, ambaye hakuzoea kumdanganya muuguzi, akijibu. Habari ingefika kazini kwake kabla hajafika yeye.

"Kesho itashuka," alisema. Akampa vidonge vya kutuliza maumivu na maji ya kunywa.

Na kweli ilishuka, tena jioni ileile. Mama mkwe alitoka jasho mpaka shuka zikaloa, akaomba chai, akainywa ameketi. "Umenipika nikaiva," alisema, na Povu alicheka mpaka akalia, akalazimika kugeuka aseme anatafuta shuka nyingine. Alimpigia mume wake, aliyekuwa mbali akipima mashamba ya watu, akamwambia wote wazima. Alijihisi kama mtu aliyevuka mto uliofurika na kutazama nyuma.

Jumatatu asubuhi alikuwa akivaa viatu vya kazi mama alipomwita kutoka msalani.

"Mwanangu, hebu njoo uone. Jana nilikula kitu gani chekundu?"

Hakula kitu. Povu alisimama juu ya bakuli jeupe la choo. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, nyeusi nyeusi pembeni na nyekundu pale mwanga ulipopenya. Juu yake povu lilikuwa limekaa, jembamba, halipasuki.

Alivisikia viatu vyake vikianguka kutoka mkononi. Hakuona choo tena; aliona vishimo vya sahani yake, damu ikigeuka ang'avu, kishimo baada ya kishimo. Pacha mbaya yumo ndani yake. Anazichana chembe za mama moja baada ya nyingine, na mimi ndiye niliyemtia kwenye chupa.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?" mama aliuliza. Macho yake mwenyewe yalikuwa ya manjano.

Namba ya dharura ya wajitolea Povu aliijua kwa moyo, akaipiga.

"Nani mwenzangu?" aliuliza daktari wa jaribio la chanjo.

"Ni Povu."

"Povu, hii namba ni ya wajitolea."

"Najua," alisema. "Ninaye mmoja hapa nyumbani."

Gari lilikuja upesi, likawapeleka kwenye kituo cha jaribio. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi, na kazi aliifanya huku akisikiliza. Povu alimweleza yote: undugu, mkono, homa, kijilima, chembe zinazopasuka. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililovunjika. Daktari alitafuta mshipa, akaupata, akajaza vichupa vitatu vya damu, akampa muuguzi.

"Vyote, na haraka," alimwambia muuguzi. Kisha kwa Povu: "Umemaliza?"

"Wasimamisheni wengine. Mtu mwingine asichomwe."

"Nilisimamisha uliponitajia rangi ya mkojo. Wote waliochomwa wanaitwa. Sasa toka nje, unamtia mgonjwa hofu."

Povu alikaa kwenye benchi la korido, na kandambili za nyumbani miguuni. Viatu alivisahau msalani. Mmoja mmoja wakaanza kufika. Mwanafunzi aliyebeba mkoba. Mama mmoja na mtoto mgongoni. Mwanamume mwenye mafuta ya mnyororo kwenye kucha, ambaye alisema ni fundi baiskeli na ameacha wateja wanasubiri. Walikunja mikono ya mashati, wakalinganisha wekundu, wakaulizana kwa sauti ndogo kuna nini. Kila mmoja alipewa kikopo aende chooni, na kila aliporudi Povu alinyosha shingo aone rangi ndani ya kikopo, kabla hajajizuia.

Fundi baiskeli akaketi karibu naye. "Na wewe dada, ulichomwa Alhamisi?"

"Mimi hapana. Sijachomwa."

"Una bahati," alisema fundi, akatazama mikono yake. "Wanasema kuna mmoja anakojoa damu."

Povu alitaka kumwambia kitu. Badala yake akainuka akaenda mwisho wa korido kumpigia mume wake. Mtandao ulikuwa wa kusuasua.

"Mama yuko hospitali."

"Ameanguka?"

"Hapana. Amechomwa dawa yangu."

Alisikia upepo wa huko mashambani ukivuma kwenye simu. Kisha ikakatika, na hakujua kama ni mtandao au ni yeye.

Mlango ukafunguka. Daktari alimwita kwa kidole, akaufunga nyuma yao.

"Huyu mama amekulia wapi?"

"Milimani, kwenye baridi. Alihamia kwetu mwezi uliopita."

"Kabla ya hapo hajawahi kuishi huku chini?"

"Hajawahi."

"Analala ndani ya chandarua?"

"Anakifunga juu. Anasema kikishushwa anajiona kama kuku kwenye tenga." Povu alilikumbuka na dirisha la chumba kile, wavu wake umechanika pembeni tangu mvua zilizopita, na mume wake akisema nitautengeneza nikirudi, na yeye akisema sawa. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Ana malaria. Kali sana. Damu imejaa wadudu, ndio wanaozipasua chembe zake."

"Alipimwa. Alikuwa safi."

"Alipimwa wiki moja kabla ya sindano. Wadudu walikuwa bado wamejificha kwenye ini, na kipimo cha damu hakiwaoni wakiwa kule. Unalijua hili, Povu."

Alilijua. Alikuwa amelichora ubaoni kwa wageni waliotembelea maabara: hapa mbu anauma, hapa ini, hapa damu, na hapa ndipo chanjo yetu inapomsubiri adui. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Kwanza alihisi raha. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini aliihisi mwili mzima: si dawa yangu. Kisha akaona jinsi alivyofurahi, wakati upande wa pili wa pazia mtu anakufa, na akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Jana alikuwa na homa?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

"Ulimpa nini?"

"Vidonge vya maumivu."

"Na yeye mwenyewe alisemaje?"

Povu alitazama sakafu. Vigae vilikuwa vya kijivu, kimoja kimepasuka. "Alisema tukapime malaria."

Daktari hakumfokea, na ingekuwa nafuu kama angemfokea. Alivaa miwani yake, akaivua tena. "Kwa mtu ambaye damu yake haijawahi kumwona huyu mdudu," alisema, "siku moja ni kubwa."

"Una hakika si dawa yangu? Hata kidogo?"

"Siwezi kukuapia. Lakini wadudu nimewaona kwa macho yangu kwenye hadubini. Kijilima chako sijakiona."

Walimhamishia mama mkwe hospitali kubwa mchana uleule. Dawa ikaingia mshipani, damu ya watu wengine ikaingia mshipani, lakini kilichowatia wasiwasi madaktari wa wodini ni kile ambacho hakikutoka. Mrija ulishuka kutoka chini ya shuka hadi kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inizwa pembeni mwa kitanda, na mfuko ule ulibaki mtupu. Figo zimeziba, walisema. Zimezibwa na wekundu wa chembe zilizopasuka. Huenda zikaamka. Huenda zisiamke.

Povu alikaa kwenye kiti akiutazama mfuko. Aliogopa kupepesa. Mama mkwe aliweweseka. Alikuwa amerudi kwenye jiko la shule, akiwapanga watoto foleni, akimkemea mmoja aliyeingia mara mbili. "Shika sahani vizuri," alimwambia Povu kwa ukali, "utamwaga." Povu akasema ndiyo mama, akakunja mikono yake kama aliyeshika sahani, na akabaki hivyo mpaka mama aliposinzia.

Mume wake alifika na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, buti za kazi miguuni. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akamgusa kisigino kilichotokeza nje ya shuka, akakifunika. Kisha akamwashiria mkewe watoke. Walisimama kwenye ngazi za nje, watu wakipita na mabakuli ya chakula cha wagonjwa.

"Ulijua tangu Jumamosi?"

"Nilijua."

"Na Jumapili ukanipigia ukasema wote wazima."

"Aliniomba nisiseme."

"Mama yangu anaomba mambo mengi. Aliniomba nisikuoe." Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Povu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata mtoto mdogo anaujua msemo huo. Wewe na elimu yako yote."

Alitia mkono mdomoni kama anayetaka kurudisha neno. Povu hakujitetea. Alisema, "Nilikuwa naogopa," na neno lenyewe likasikika dogo, kama sarafu iliyodondoka kwenye ukumbi mtupu. Mume wake akarudi ndani. Alikaa upande mmoja wa kitanda na yeye upande mwingine, na kwa siku zile hawakusema ila ya lazima: shika hapa, leta maji, amefumbua macho.

Mfuko ulipata tone asubuhi moja, wakati wafagiaji wakipita. Povu alidhani ni macho yake. Akapiga magoti sakafuni, shavu karibu na plastiki, akaona jingine likishuka mrijani, la rangi ya kahawia, likasita, likaanguka. Alimwita mume wake kwa jina alilokuwa akimwita kabla ya ndoa. Akaja akapiga magoti naye, na wawili wale wakakaa chini kando ya kitanda cha hospitali wakiutazama mkojo kama watu wanaotazama mwandamo wa mwezi, mpaka muuguzi akawaambia wapishe mopu.

Mama mkwe alirejea polepole. Siku aliyopata akili zake sawasawa aliuliza wenzake wako wapi, wale wa benchi, kama wameugua. Povu akamwambia hapana: mikono iliwauma, wawili walipata homa ya siku moja, basi. Vikopo vyao vyote vilikuwa safi.

"Kwa hiyo si chungu chako."

"Si changu, mama. Ni mbu."

"Nilikwambia." Alijisogeza kwenye mto akikusanya nguvu. "Huyu mwanangu ana uso gani huo? Amekusema?"

"Ameniambia ulimkataza kunioa."

Mama mkwe akatazama dari. "Nilimkataza. Mara mbili. Nilisema huyu binti anaogopa kila kitu, atakuambukiza."

"Ulikuwa na haki."

"Nilikuwa na haki," mama alikubali, "lakini na mimi nilikuomba unyamaze, nikijua unaogopa. Hilo nalo lina jina lake, ila sina nguvu ya kulitafuta." Akafumba macho. Povu hakujua kama amesamehewa, na hakuthubutu kuuliza.

Kazini walimwita kwenye chumba cha mikutano. Hakuficha kitu. Mama mkwe aliondolewa kwenye jaribio, jambo lililomkasirisha kuliko ugonjwa wenyewe. Wakaguzi walipima upya chupa zote za mzigo ule, wakakipima na kile kijilima peke yake, wakasema hakikuzidi. Sindano zikaanza tena kwa waliobaki. Povu alipewa onyo na kuondolewa kila kitu kilichogusa watu. Akabaki na magome, maji na mashine zake, na mlango wa upande wa wajitolea ukawa haufunguki kwa kadi yake.

"Dawa yako imesafishika," mkuu wa maabara alimwambia. "Wewe bado."

Nyumbani, mume wake alibandua wavu wote wa dirisha la chumba cha wageni na kuweka mpya. Povu alimshikia misumari kiganjani. Alichukua mmoja mmoja bila kumtazama, na wa mwisho alipouchukua, aliushika na mkono wake pamoja, muda mfupi, kisha akaupigilia.

Lakini hofu haikuhama. Povu alikuwa akiamka asubuhi na kusimama mlangoni kwa mama, asikie pumzi. Alimgusa paji la uso kila alipopita, mpaka mama akasema, "Mimi si pasi, acha kunijaribu." Kazini alirudia vipimo ambavyo vilikwisha kukubaliwa. Siku moja dukani alimwona yule fundi baiskeli akinunua mafuta ya mnyororo, mzima, akicheka na muuzaji, na Povu akajificha nyuma ya rafu ya rangi mpaka alipoondoka.

Yeye na mama walikuwa wakienda kliniki ya figo kila baada ya wiki chache. Mara ya mwisho daktari wa kliniki alisoma majibu kwa muda mrefu mno. Kisha akasema figo zinafanya kazi, si kama zamani, lakini zinafanya kazi; chumvi kidogo, maji mengi, warudi baada ya miezi mitatu.

"Basi mimi ni mzima?" mama mkwe aliuliza.

"Uko vizuri. Mzima kabisa nitakwambia ukirudi."

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali na barabara imejaa. Mama mkwe alishuka kwenye ukingo wa lami mguu mmoja, na pikipiki ikapita karibu ikipiga honi. Povu akamvuta kwa nguvu, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Unanibana," mama alisema.

"Najua."

"Mbona unatetemeka wewe? Daktari amesema nini kibaya?"

"Hajasema kibaya. Naogopa tu, mama. Naogopa miezi mitatu."

Mama mkwe akamtazama, kisha akatazama barabara, kushoto na kulia. "Haya," alisema. "Ogopa, lakini twende, kuna nafasi."

Wakavuka.